Bastola Isiyokuwa na Pacha

Mume wangu ana wake wawili, kwa hiyo kila anachonunua hununua viwili. Si kwa ubadhirifu. Ni kwa kumwogopa Mungu, na zaidi kwa kutuogopa sisi. Zamani aliwahi kutuletea mikoba, mmoja wa kahawia na mmoja mweusi, na ule mweusi ukamlaza kwenye kochi mpaka shingo ikamkakamaa. Tangu hapo kwake hakuna tena rangi ya pili. Wauzaji wa Barabara ya Zhanqian wanamfahamu. Akiingia dukani tu huinua vidole viwili, nao humwitikia kwa kicheko, "Liang ge! Liang ge!", yaani viwili, viwili. Sababu hawaijui, na mimi sijawahi kuwaeleza.

Mimi ndiye mke mkubwa. Naishi hapa Guangzhou, China, kazi yangu ni kusafirisha mizigo ya watu: nakusanya, napima, nafunga, napakia kontena za Zanzibar na Dar es Salaam. Mke mwenzangu yuko nyumbani Unguja, na ana mtoto wa kiume. Mimi sina mtoto. Nalisema mapema ili tusisumbuane mbele. Nimezunguka hospitali, nimekunywa mizizi michungu, nimesomewa mpaka nikachoka, na siku mume wangu aliponiambia anataka kuongeza mke, nilimwambia, "Oa." Tena khanga za kupeleka kwa bibi harusi nilizichagua mwenyewe. Watu wakanisifu kwamba nina moyo. Moyo ninao, hilo kweli, lakini siku ile ulikuwa unaungua, na kilichosema "oa" ni mdomo tu.

Wivu wangu si wa kurusha vyombo. Ni wa macho. Nikikuta mikoba miwili inayofanana kama mayai, mimi nitauona ule ambao mshono wake umenyooka zaidi, na kwa kuwa mfungaji wa mizigo ni mimi, mshono ulionyooka haujawahi kufika Unguja. Mume wangu hajui. Mke mwenzangu nadhani anahisi, maana safari moja alinipigia simu kunishukuru kwa abaya, akasema, "Nzuri sana dada, ukingo tu ndo umekwenda upande kidogo." Nikamwambia, "Hee, makubwa! Hawa Wachina hawa!"

Basi mwaka huo alikuja mwezi wa Rajabu, kabla viwanda havijafungwa kwa ajili ya mwaka mpya wa Kichina. Nilikwenda kumpokea uwanja wa ndege wa Baiyun, nimejifukiza udi mpaka watu wa metro wakawa wananigeukia. Tulipopata pa kukaa, hata habari za safari hajamaliza, akatoa pasipoti, na ndani ya pasipoti akatoa karatasi iliyokunjwa.

"Hebu tazama hii."

Ilikuwa imechorwa kiganja cha mtoto kwa penseli, vidole vitano vimetanuka. Watu wengi huja huku na nyayo za watoto wao zilizochorwa kwenye karatasi, ili wasinunue viatu vya kuwabana. Nyayo nimeziona nyingi, wateja huniletea kwa simu na kwa mkono. Kiganja sikuwahi kukiona.

"Kamchora mama yake," akasema. "Anataka bastola ya sikukuu. Hataki hizi za plastiki za kurusha maji. Anataka ya chuma, yenye silinda inayozunguka, ya kukoki kwa kidole gumba. Nikamwambia, baba, nitakutafutia inayokaa mkononi mwako sawasawa."

Kwetu, mtoto wa kiume akienda viwanja vya sikukuu bila bastola ya fataki, ni kama hakuvaa kanzu mpya. Hilo nalijua, nami nimekulia huko huko. Lakini niliikodolea macho ile karatasi na nyongo ikanipanda. Niliona jinsi mama mtu alivyokikandamiza kile kiganja mezani, na mtoto anacheka kwa kutekenywa na penseli kati ya vidole, na mume wangu amekaa pembeni na kikombe chake cha chai anawatazama. Meza ile niliinunua mimi! Nimeipakia kwenye kontena kwa mikono yangu. Na bado pale mezani mimi sikuwapo hata kwa kutajwa.

"Kiganja kizuri," nikasema.

"Kama changu," akanijibu, akaikunja karatasi na kuirudisha kwenye pasipoti, upande wa picha yake.

Siku zilizofuata mambo yalikwenda kama kawaida. Tulikodi gari kwenda Shiling, akanunua mikoba miwili, na kusema kweli aliichagua huku anaongea na simu. Zhanqian tukachukua abaya mbili. "Liang ge!" wakamwitikia. Mimi nilikuwa nakubali kila kitu, nimenuna kwa adabu. Yeye akawa ananiuliza, "Una nini, bibie?" nami namjibu sina kitu, mgongo tu.

Siku ya bastola alinyoa ndevu. Naapa alinyoa ndevu, kwenda sokoni.

Mtaa wa vichezeo uko karibu na mto, na maduka ya vyakula vikavu yamepakana nao, kwa hiyo harufu ya pweza mkavu inakufuata mpaka kwenye madoli. Tuliingia duka la mama mmoja wa makamo ambaye watu wetu wengi hununua kwake. Nilipomwambia tunachotaka akatikisa mkono, "Meiyou, meiyou," hakuna. Polisi wa hapa hawataki mchezo na kitu chochote kinachofanana na bunduki. Nikamwita kwa heshima ya mwenye duka, "Laoban, unanijua. Huu ni mzigo wa meli, unakwenda Afrika, ni wa mtoto." Akanitazama, akatazama mlango, akaenda nyuma na kurudi na boksi.

Zilikuwa za chuma kweli, nzito, mpini rangi ya mbao, na kila moja ncha yake imevishwa plastiki ya rangi ya chungwa ili mtu asije akafa kwa ujinga. Aina zilikuwa mbili. Moja unavuta kifyatuo tu, ta ta ta, mpaka fataki zinakwisha. Nyingine haikubali. Hiyo lazima kwanza uvute kile kinyundo cha nyuma kwa kidole gumba mpaka uisikie inashika, silinda igeuke kidogo, ndipo ufyatue. Ukitaka kupiga tena, unaanza upya.

"Chukua hii ya kwanza," nikamwambia. "Ile nyingine itamchosha mtoto."

"Aah, hapana. Hii ya kukoki inamfundisha subira. Mtu anafikiri kwanza kabla ya kupiga."

Subira! Mbele yangu mimi ananisifia subira.

Akaanza kuijaribu. Aliipima uzito mkono huu na mkono ule. Alikifungua kijilango cha pembeni, akaizungusha silinda, akaiweka sikioni asikie inavyolia. Alikoki polepole, akakiachia kinyundo polepole, akakoki tena, akajitazama kwenye kioo cha kabati la madoli na kufinya jicho moja. Alikuwa na uso ambao mara ya mwisho mimi niliuona kabla ya ndoa yetu, alipokuwa anapita kwetu kwa kisingizio cha kumuulizia kaka yangu. Kipya kinyemi ingawa kidonda, nikajisemea. Nilikuwa nakionea wivu kipande cha chuma chenye pua ya plastiki, nami ni mtu mzima, haji wa Makka.

Kisha akatandaza ile karatasi juu ya meza ya kioo na kuilaza bastola juu ya kiganja cha penseli, akawa anaisogeza huku na huku, anapima kama kidole gumba cha kuchorwa kitakifikia kinyundo. Laoban akainama naye wakapima wote wawili. Karatasi haina nguvu za kuvuta kitu. Laoban akatazama mkono wangu, akaudaka bila kuomba ruhusa, akaulinganisha na mchoro. Mikono yangu ni midogo tangu utotoni. Akanikabidhi bastola, akaniashiria, koki.

Nikavuta. Ilikuwa ngumu kuliko nilivyofikiri, kisha ikashika, kra. Laoban akafurahi. Akanigonga kifuani kwa kidole, akaigonga karatasi, akauliza, "Erzi? Nide erzi?" Mtoto wa kiume? Mwanao?

Nilifungua mdomo. Mume wangu akanitangulia. "Dui, dui," akasema. Ndiyo, ndiyo.

Najua alisema hivyo kufupisha. Kichina chake ni cha kununulia tu, atamwelezaje mwanamke wa watu habari za wake wawili? Lakini laoban alinitazama kwa namna ambayo wanawake hutazamana, mama kwa mama, akanimiminia chai kutoka kwenye chupa yake mwenyewe. Nikaipokea. Nikainywa yote. Ilikuwa tamu na ilikuwa ya wizi, na nilimchukia mke mwenzangu kwa sababu yeye chai kama ile huinywa kila siku na wala haimshangazi.

Laoban akatoa pete moja nyekundu ya fataki, akaipachika kwenye silinda, akampa mume wangu. Mume wangu akalenga dari. Akakoki.

Jamani, ule mlio! Mtu wa duka la jirani alitoka na kijiko mdomoni. Laoban akapiga kelele "Aiya!", akaipokonya bastola, akaifunika kwa doli, huku anacheka na kugombeza kwa pamoja. Moshi mdogo wa buluu ukabaki juu yetu, na ile harufu ya baruti ikaingia puani mwangu, nikaiona sikukuu yote: kanzu, vigoli wenye maua kichwani, kaka zangu wananikimbiza na mimi nawanyang'anya bastola zao maana nilikuwa napiga kuliko wao. Machozi yakanilenga. Simu ikalia wakati huo huo, nami nikashukuru.

Alikuwa mteja wangu mmoja, mama wa Lubumbashi, katoni zake zimezuiwa getini kwenye ghala. "Mama, beko wanakatala kufungula porte!" Nikatoka nje kumhangaikia. Nilipomaliza mume wangu alikuwa keshalipa, mfuko mweusi umeshafungwa, laoban ananipungia mkono na kusema erzi, erzi. Sikutaka hata kuugusa ule mfuko.

Njia nzima nilikuwa na jambo moja kichwani. Miaka yote hii nimeishi na ule ujinga wake wa viwili viwili, nimeucheka, nimeuchoka, lakini ndio uliokuwa unanipa usingizi. Maadamu vitu ni viwili, mimi ni mke. Leo kimenunuliwa kitu kisichokuwa na pacha, na kwa kitu hicho amenyoa ndevu. Mikoba na abaya ni haki za sharia. Bastola ni mapenzi. Mimi nilikuwa nimebaki kuwa nini? Ofisi yake ya China. Mtu wa kumpokea uwanja wa ndege na kumpakilia zawadi za nyumbani kwake.

Asubuhi ya kuondoka kwake nilimkuta anausokomeza ule mfuko mweusi kwenye begi la mkononi. Hapo shetani alinikalia begani. Nilijua kitakachotokea Baiyun: watamwita pembeni, watamfungulia begi, bastola watamnyang'anya, yeye nusura akose ndege, na mtoto atakwenda sikukuuni mikono mitupu. Nilitakiwa kunyamaza tu. Mpaka leo sijui ni ucha Mungu au ni kazi iliyonizoea, maana mzigo ukipita mikononi mwangu lazima ufike. Nikamwambia, "Toa hiyo. Ukionekana nayo uwanja wa ndege utalala ndani. Itakwenda na meli, na kabla ya Ramadhani kwisha atakuwa nayo. Fataki atanunua huko huko."

Akatoa. Akaweka bastola mezani. Kisha akatoa ya pili.

Nilizitazama. Mpini ule ule, ncha ile ile ya chungwa.

"Hii ya pili ya nani?"

"Yako."

"Yangu ya nini?"

"Yako tu." Alikuwa na uso wa mtu aliyefanya wema na anangoja shukrani. "Nilivyoona umenuna tangu Zhanqian, nikajua. Kitu kimekwenda upande mmoja. Mimi sitaki kesho mbele ya Mungu nisimame ubavu mmoja umepinda. Nikamwinulia laoban vidole viwili, basi."

"Mie nina mtoto gani wa kuchezea bastola?"

Hapo ndipo alipoelewa, na nilimwona anaelewa, uso unamshuka kidogo kidogo. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angefanya kosa lile. Mwingine angenisahau kabisa, au angeninunulia pete. Huyu wangu amezoea kugawa sawa mpaka amenigawia sawa na kile nisichokuwa nacho.

"Haki yako haina akili," nikamwambia. "Unanipa mie bastola ya mtoto? Niende nayo wapi? Niende sikukuuni?"

"Bibie, sikukusudia..."

"Chukua begi lako. Utachelewa."

Hatukuagana vizuri. Nililia, nikanawa uso, nikafunga katoni. Kwenye katoni ya Unguja niliweka mkoba, abaya, na bastola moja niliyoizungushia nguo isipate mchubuko. Nilizijaribu zote mbili kwanza, kwa tabia yangu ile. Moja kinyundo chake kilikuwa laini zaidi, kinashika bila kukwama. Nilikaa nazo mkono huu na mkono huu. Nikamwekea mtoto ile laini. Mshono wa mkoba lakini, ule ulionyooka nilibaki nao.

Ile nyingine niliitupa juu ya meza ya ofisi, ikawa inagandamiza karatasi. Yule mama wa Lubumbashi alipokuja kuchukua mzigo wake aliruka nyuma. "Mama, ile ni arme?" Nikamwambia ni kichezeo. Akaishika, akacheka, akaniuliza, "Ni ya mutoto wako?" Mara hii hapakuwa na mtu wa kunijibia. Nikamwambia, "Ndiyo, ya mtoto," nikainama kutafuta stakabadhi yake.

Sikukuu ilipofika tuliswali, na mchana wanawake wa Kizanzibari wakaja kwangu kula pilau. Nilikuwa jikoni napakua, simu ya picha ikaita. Ni mtoto. Amevaa kanzu nyeupe na kofia iliyomzidi kichwa, na uso wote umejaa kioo.

"Mama mkubwa! Mikono juu!"

Kidole gumba kilifika. Alikoki vizuri, ulimi nje kwa bidii, akafyatua, na fataki ikalia mpaka spika ya simu ikakwaruza. Nikajishika kifua nikayumba, wageni wangu wakacheka. "Nimekufa," nikamwambia. Akafurahi, akaruka. "Na wewe nipige basi! Nipige!"

Sijui kilichonituma. Nikaiegemeza simu kwenye bakuli la kachumbari, nikaenda mezani kwangu nikarudi nayo. Nilipoinua mkono mtoto akatoa macho. "Mama mkubwa na wewe unayo! Kama yangu!" Alikimbia akajificha nyuma ya kiti, ule mchezo wetu wa kila tukipigiana simu, na alipotoka kwenye picha nikamwona mama yake. Amekaa kwenye ile meza, mwenyewe na uzuri wake, hina mpaka viwikoni, abaya yake pacha wa yangu, anapanga vileja kwenye sahani. Mume wangu pembeni na kikombe cha chai. Nikakoki. Kinyundo changu kigumu, nikakivuta kwa nguvu mpaka kikashika. Mtoto akachungulia upande wa kushoto wa kiti. Nikafyatua. Yangu haikuwa na fataki, ilitoa mlio mkavu tu, ta.

"Hujanipata!" akapiga kelele. "Hujanipata, mama mkubwa!"

Hakujua kwamba sikumlenga yeye.

Mke mwenzangu akainua kichwa kwa kelele za mwanawe. Akaitazama simu, akanitazama, akaitazama bastola mkononi mwangu. Mkono wake ukasimama juu ya vileja. Akamgeukia mume wetu, akanigeukia tena mimi, na nikauona mdomo wake unajaribu kucheka na hauwezi.

"Kumbe na wewe, dada, amekununulia?" akasema. "Kila kitu? Hata hiki cha mwanangu?"

Mume wetu akaingiza uso ndani ya kikombe. Nami nikaishusha bastola, kwa sababu sauti ile niliijua. Ndiyo iliyokuwa yangu, kutoka Zhanqian mpaka mtoni.